Taraja na Ghururi: Juu ya Kutamani Ustadi Mpya

Hapana saa ambayo moyo wa mwanadamu husafiri mbali kuliko ile ya baada ya sala ya alasiri, kazi ya mchana ilipokwisha na ya usiku haijaanza, mtu ameketi barazani, macho yake yanatazama njia na njia asiione. Katika saa hiyo karani aliyeshinda na hesabu za mali ya watu wengine hujiona amekumbatia udi, vidole vyake vinatembea juu ya nyuzi bila ya kukosea. Mama aliyezaa na kulea hujiona anasoma kitabu cha Kiarabu pasipo mtu wa kumfasiria. Mchukuzi wa gatini hujiona amesimama mbele ya jahazi aliloliunda mwenyewe tangu mkuku mpaka mlingoti, nalo linangoja maji ya bamvua lipate kushushwa. Kisha huja mpita njia akatoa salamu, na yule aliyekuwa fundi hurudi kuwa karani au mchukuzi, akabaki na swali moja katika nafsi yake: je, yawezekana, au najidanganya?

Wako watu wanaolidharau swali hili, wakaliona kuwa mchezo wa akili isiyo na shughuli, na dawa yake ni kumpa mwenye kuliuliza kazi ya kufanya. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayejiuliza kama anaweza kujifunza asilolijua huuliza, ajue asijue, juu ya umri aliopewa kwa amana, juu ya takdiri ya Mola katika ugawaji wa vipawa, na juu ya haki za wale wanaomtegemea. Na maswali ya namna hii wanazuoni walikesha nayo katika kila zama wala hawakuona haya kuyaandikia vitabu. Nami nitalitazama kwa nuru yao kadiri ya uwezo wangu, kisha nitasema rai yangu waziwazi.

Ndoto ya mchana ina hulka isiyobadilika, nayo ni kutuonyesha mwisho wa kazi na kutuficha kati yake. Mchukuzi niliyemtaja huliona jahazi likishuka majini kwa vigelegele, lakini haoni siku za kutafuta miti iliyopinda yenyewe kwa maumbile, ambayo ndiyo ifaayo kwa mataruma, kwa kuwa taruma lililochongwa katika mti ulionyooka hukatwa nyuzi zake na nguvu zake hupungua. Haoni matundu yanayotobolewa kwa keekee, moja baada ya jingine, kabla ya msumari kupigiliwa, ili ubao usipasuke. Haoni kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa katika kila mshono wa mbao, kazi ya kuchutama na kulala chali chini ya tumbo la chombo. Wala haoni sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyotoka nguoni upesi, yanayopakwa mbao ili zidumu. Mwanagenzi wa kazi hii huanza kwa kuvuta uta wa keekee na kuokota misumari mchangani, na huweza kukaa sana katika daraja hiyo kabla ya fundi kumkabidhi tezo. Nani amepata kuota mchana kwamba anaokota misumari? Hapa pana kipimo ambacho nitakirudia, kwa sababu sijaona kilicho bora kuliko hicho.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufa huko huko mwaka 1111, alilipambanua jambo hili katika Ihya, kwenye kitabu chake cha hofu na taraja, kwa mfano wa mkulima. Yuko mtu aliyetafuta ardhi njema, akatia mbegu safi, akaipelekea maji kwa wakati wake na kung'oa miiba, kisha akaketi kungoja fadhila ya Mungu imkinge na radi na wadudu mpaka mavuno: kungoja kwake huitwa taraja. Yuko aliyetupa mbegu katika ardhi ngumu ya chumvi, mahali pa juu pasipofika maji, wala asishughulike nayo tena, kisha akangoja mavuno: huyu yumo katika ghururi na upumbavu. Na kati yao yuko aliyetia mbegu katika ardhi njema isiyokuwa na maji, akaitazama mbingu katika nchi ambayo mvua zake si nyingi: huyu anatamani tu, hatarajii. Imamu alikuwa akisema juu ya msamaha na Pepo, lakini hukumu yake huingia katika sanaa na elimu bila ya kulazimishwa.

Ninalotaka litazamwe katika maneno yake ni kwamba hakuupima uhalali wa taraja kwa ukubwa wa kitu kinachotarajiwa. Pepo ni kitu kikubwa kuliko vyote, na bado mkulima aliyefanya wajibu wake aliruhusiwa kuitarajia. Basi hatuna haki ya kumcheka mtu wa makamo anayetaka kuwa bingwa wa udi kwa sababu tu ubingwa ni mkubwa na yeye ni mdogo. Tunayo haki ya kumwuliza kama udi ameununua, au ameuazima, au amekwisha kumjua atakayemfundisha kuzitengeneza nyuzi zake. Na kama hana hata moja katika haya, na miaka inapita, basi jina la hali yake linajulikana, wala halina heshima.

Hoja nzito kuliko zote juu ya ndoto hizi haikutoka kwa Ghazali. Ilitoka kwa Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyekuwa kadhi mjini Cairo na kufa huko mwaka 1406, ambaye katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, aliuchunguza uchumi wa miji na kazi za mafundi kwa jicho ambalo halikupata mfano kabla yake. Yeye alisema kuwa kila sanaa ni malaka, yaani sifa inayokaa imara katika nafsi kwa kurudiwa tendo mara nyingi, mpaka sura ya tendo hilo ikathibiti. Na nafsi ikisha kupokea malaka moja na kupakwa rangi yake, hudhoofika katika kupokea nyingine. Kwa hivyo mshoni ambaye ushonaji umekwisha kuthibiti ndani yake ni nadra kuuweza useremala au uashi kwa ukamilifu. Aliona vivyo hivyo katika elimu pia, kwamba aliyepata ubingwa katika fani moja mara chache huupata wa kiwango hicho katika nyingine. Karani wetu akiyasoma haya ataufunga udi katika kitambaa na kuurudisha kwa mwenyewe.

Nami siyakatai maneno ya mwanachuoni huyu, kwa kuwa aghalabu ndivyo mambo yalivyo, na yeyote aliyejaribu kumfunza mtu mzima lugha ya kigeni ameuona ulimi unaorudi katika matamshi ya utotoni kama punda anavyorudi kwenye zizi lake. Lakini yapasa kuyasoma kwa uangalifu. Alisema ni nadra, hakusema ni muhali. Na alisema juu ya ukamilifu, hakusema juu ya kufaidika. Baina ya asiyeweza kabisa na aliye bingwa pana nchi pana ambamo watu wengi wema wameishi na kufurahi: mama yule anayetaka kusoma Kiarabu hahitaji kushindana na wanahau wa Basra na Kufa, anahitaji kuelewa dua anayoiomba kila siku.

Tena iko mifano inayoipunguza nguvu hoja yenyewe, na mmoja umo nyumbani mwetu, katika madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii. Kaffal wa Marw, ambaye jina lake limetokana na kazi yake ya kufua makufuli, alikuwa fundi hodari hata ikasimuliwa kwamba alitengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, vyote kwa uzito wa punje chache tu za nafaka. Umri wake ulipofika kiasi cha miaka 30, wakati ambapo wenzake waliokusudia elimu walikuwa wamekwisha kuhifadhi matini nyingi, aliiacha kazi hiyo akaenda kuketi mbele ya walimu wa fikihi. Na alipokufa mwaka 417 wa Hijria, yaani 1026, alikuwa imamu wa wanazuoni wa Khurasan, ambaye njia yake katika kuipokea na kuieneza madhehebu ilifuatwa na vizazi. Nimeufikiri sana mfano huu. Mkono uliozoea tupa haukumfaa kitu katika kuzipima hoja za mirathi na talaka, na hapo Ibn Khaldun amesema kweli. Lakini mtu aliyeketi siku nyingi akilikata jino la ufunguo ambalo jicho halilioni vizuri, akikosea akianza tena, alikuwa amekwisha kuupata ustadi ambao haumo katika mkono wala katika ulimi: ustadi wa kuvumilia kutokuweza. Huo ndio uhamao pamoja na mwenyewe aendako kokote, na katika hesabu ya malaka sioni kama ulitiwa.

Siti binti Saad ni ushahidi wa karibu zaidi, na Shaaban Robert aliona wasifu wake unastahili kitabu. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, akakua bila ya kufundishwa kusoma wala kuandika, na kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, akavichukua kutoka shamba mpaka mjini na kuvinadi njiani. Alihamia mjini mwaka 1911. Hakuwa mtoto tena. Alikuwa mwanamke mzima aliyekwisha kuolewa na kuachwa, wa daraja ambayo mji wa siku zile haukuitazamia kitu. Huko ndiko alikokutana na wapiga ala waliomfunza kuimba kwa taratibu za taarabu na kuyatamka maneno ya Kiarabu, lugha ambayo nyimbo za majumba ya wakubwa ziliimbwa kwayo. Naye, kwa kuwa hakuwa na kalamu, aliyahifadhi yote moyoni. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenziwe mpaka Bombay, wakaimba katika sahani za santuri, na sauti yake ya Kiswahili ikafika katika miji ambayo yeye mwenyewe hakupata kuikanyaga.

Watu husimulia habari za Siti kana kwamba ni muujiza wa kipawa, na kipawa kilikuwapo, hakuna wa kukikana. Ila mimi huona kuna jambo jingine lenye faida kwa mwenye kutamani. Sauti iliyoimba Bombay haikuzaliwa siku alipokutana na walimu wake; ilikuwa imekwisha kufanya kazi katika njia ya Fumba, ikiita wanunuzi wa vyungu kwa mwendo mrefu juani. Alipotaka jambo jipya alikuwa na kitu cha zamani mkononi kilichofanana nalo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ndoto yake yawezekana, swali langu la kwanza kwake litakuwa hili: katika kazi unayoifanya sasa, hata ikiwa duni machoni pako, ni kitu gani unachokifanya kila siku ambacho ndoto yako itakihitaji? Akikosa kukiona, simkatishi tamaa, ila namwambia kuwa njia yake ni ndefu kuliko ya Siti.

Limebaki swali la umri. Hapa wacha Mungu huona mashaka ambayo wengine hawayaoni, kwa sababu dini imetufunza kufupisha matumaini, kuyahesabu mauti kuwa karibu kuliko kiatu, na Ghazali huyo huyo aliandika maneno mazito juu ya ubaya wa matumaini marefu. Basi mtu aliyevuka miaka 50 ataanzaje elimu inayotaka miaka 10, naye amefundishwa asiitegemee kesho? Naona jibu lake limo katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu ambaye Kiyama kinasimama naye ana mche mkononi: ameamrishwa aupande kama anaweza. Mche huo hapana atakayekula tunda lake. Kufupisha matumaini maana yake ni kuacha kujihakikishia mavuno. Kupanda hakukukatazwa hata katika saa ya mwisho ya dunia. Mwenye kujifunza alifu leo na akafa kesho amekufa akiwa katika kazi aliyoamrishwa, na nia yake imekwisha kuandikwa.

Kimani Maruge wa Kenya hakuwa Mwislamu, lakini maisha yake yaliifasiri maana hii vizuri kuliko wengi tunaoihubiri. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliona kuwa ruhusa hiyo inamhusu na yeye. Na mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi za sare akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, karibu na Eldoret. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asitegemee tena maneno ya mhubiri. Mwaka 2005 alifika New York kuuhutubia Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo. Alikufa mwaka 2009, kabla ya kumaliza masomo ya shule ya msingi. Mtu anayepima kwa mwisho wa kazi atasema hakufanikiwa, maana cheti hakukipata. Nami nasema kwamba mzee aliyeketi katika dawati lililotengenezwa kwa ajili ya wajukuu zake, akaishika penseli kwa vidole vilivyokakamaa, alikuwa amekwisha kupata sehemu kubwa ya alilolitaka siku ile ile alipoacha kuona haya.

Na haya ndiyo mlango uliofungwa kwa wengi wetu. Tunasema umri umepita, au kichwa ni kigumu, au walimu hakuna, na huenda moja katika hayo likawa kweli. Lakini mara nyingi mtu mzima anachokiogopa ni kuonekana hajui mbele ya walio wadogo zake. Katika jamii inayoheshimu mvi, kama yetu, hofu hii si ndogo, wala sitaki kuidharau. Mzee amezoea kuulizwa, hakuzoea kuuliza. Amezoea watoto wamwamkie, na sasa huenda akamwita mwalimu barobaro aliyemwona akitahiriwa. Ndipo nikasema kuwa kujifunza ukubwani ni ibada ya nafsi kabla ya kuwa maarifa: huitoa nafsi katika kiti chake na kuiketisha mkekani.

Nabii Musa alikuwa mkubwa wa watu wake, aliyesema na Mola wake, na habari zake katika Suratul Kahf ni kwamba alifunga safari ndefu, akachoka yeye na kijana wake, ili amfuate mja mwema ambaye wanazuoni wamemwita Khidhri, apate kujifunza kwake. Aliomba kwa adabu ya mwanafunzi. Aliambiwa tangu mwanzo kuwa hataweza kusubiri. Akaahidi kusubiri, kisha akashindwa katika habari ya jahazi lililotobolewa, na ya kijana aliyeuawa, na ya ukuta uliosimamishwa bila ya ujira, mpaka wakafarikiana. Kwa hesabu ya ubingwa, mwanafunzi huyu hakumaliza chuo. Lakini aliondoka na tafsiri ya mambo matatu ambayo asingeyajua kama angalibaki kwake, na safari yake ikawa sura inayosomwa kila Ijumaa katika misikiti na majumba yetu. Sijui dalili iliyo kubwa kuliko hii kwamba kuanza jambo na kushindwa kulimaliza si fedheha, ikiwa mtu alikwenda kweli, kwa miguu yake, kwa yule ajuaye.

Hata hivyo sitaki maneno yangu yafahamike kuwa kila ndoto ifuatwe. Ziko nafsi zinazotamani udi Jumamosi, unajimu wa mabaharia Jumapili, ushairi Jumatatu, na kila tamaa inaifukuza iliyotangulia. Mwenye nafsi ya namna hii hatendewi wema akitiwa moyo, kwa kuwa kinachompendeza ni kuanza. Na yuko baba ambaye chakula cha watoto wake kinatoka katika kazi anayoichoka, akafikiri kuiacha kwa ajili ya sanaa ambayo haijampa hata kikombe cha kahawa. Kaffal aliacha makufuli, lakini si kila mtu ana haki ya kuyaacha. Haki ya mtoto mwenye njaa hutangulia shauku ya mzazi, na mimi sioni shaka katika hukumu hiyo. Mtu wa hali hii na ajifunze katika saa zake zilizobaki baada ya wajibu, hata zikiwa chache, na achelewe kufika. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali katika forodha na idara nyingine kwa miaka mingi, na maandiko tunayojivunia aliyaandika katika maisha hayo hayo ya kazi.

Kwa hivyo kipimo changu ni kile cha misumari. Itazame ndoto yako, uondoe ndani yake sifa na vigelegele, uondoe macho ya watu na jina litakalotajwa, ubakize kazi peke yake katika sura yake ya chini kabisa: kamba, vumbi, herufi ya kwanza, kosa lile lile kwa mara ya kumi. Kama bado unaitaka, basi unayo taraja, na swali la kuwa yawezekana au haiwezekani halijibiwi na fikra tena. Linajibiwa na mkono, nao mkono huchukua muda kujibu. Kama huitaki, iache kwa amani, ukamshukuru Mungu aliyewapa wengine sauti na tezo nawe akakupa masikio na macho ya kuzifurahia kazi zao, wala usijihesabu kuwa umepungukiwa.

Na wewe msomaji ambaye umesoma mpaka hapa ukiwa na ustadi fulani moyoni, unalijua jina lake wala huhitaji nikutajie: mafundi wa kazi nyingi za pwani yetu wanazeeka, na wengine hawana mwanagenzi hata mmoja. Ikiwa yuko katika mji wako mtu anayeijua kazi hiyo, mwendee kabla ya wiki hii kwisha, umwamkie, na umwombe akuambie ni siku gani anaweza kukupokea.